Maji ya baridi kwa mtoto mwenye homa na kwa fundi aliyeanguka juani: kwa nini jibu si moja

Swali: Shikamoo daktari. Mwezi uliopita mwanangu wa miaka miwili alishikwa na homa usiku, kipimajoto kikasoma 39.7. Nilitaka kumwogesha maji ya baridi, nesi akanikataza. Alimpa parasetamoli ya maji na kuniambia nimpunguzie nguo tu. Wiki mbili baadaye mdogo wangu wa miaka 24 alianguka kazini. Ilikuwa siku yake ya pili ya kuezeka mabati, baada ya miezi mingi bila kazi. Wenzake wanasema alianza kuongea maneno yasiyoeleweka, akawa anayumba, kisha akaenda chini. Walimmezesha vidonge viwili vya parasetamoli wakamkimbiza hospitali, akakutwa na 41.2. Huko wakammwagia maji ya barafu mwili mzima, na hawakumpa dawa yoyote ya kushusha joto. Sasa naomba unieleweshe: maji ya baridi ni hatari au ni tiba? Joto likifika ngapi ubongo unaharibika? Na mdogo wangu aliruhusiwa Jumatatu, anataka kurudi kazini wiki hii. Nimwache aende?

Jibu: Marahaba, dada. Pole sana kwa kuuguza mara mbili kwa muda mfupi hivyo. Nesi alikuwa sahihi. Na hao waliommwagia mdogo wako maji ya barafu walikuwa sahihi pia, tena walifanya upesi jambo ambalo likicheleweshwa mtu hufa. Hawakupingana. Mwanao na mdogo wako walikuwa na matatizo mawili tofauti kabisa, ambayo kipimajoto peke yake hakiwezi kuyatenganisha. Namba inakwambia mwili una joto kiasi gani. Haikwambii nani amelipandisha, na tiba yote inategemea hilo la pili.

Nianze na mtoto. Chini ya ubongo, katikati, kuna sehemu ndogo iitwayo haipothalamasi. Inapokea taarifa za joto la damu na la ngozi, inalinganisha na kiwango inachokitaka, kisha inatoa amri. Joto likipungua, mishipa ya ngozi inajibana ili damu yenye joto ibaki ndani, na misuli inatetemeka ili izalishe joto. Likizidi, mishipa ya ngozi inafunguka na jasho linatoka. Kiwango chenyewe kiko karibu na 37, ila hakikai palepale: alfajiri kinashuka, jioni kinapanda, na tofauti ya nusu nyuzijoto ndani ya siku moja ni ya kawaida kwa mtu mzima wa afya. Ile 37 tuliyoikariri wote ilitangazwa na daktari Mjerumani, Carl Wunderlich, mwaka 1868, baada ya kupima wagonjwa wapatao 25,000. Vipimo vya miaka ya karibuni vinaonyesha wastani wa watu wazima uko chini kidogo, kama 36.6. Kwa hiyo mtu akisoma 37.3 jioni baada ya pilikapilika za siku, hana homa.

Vijidudu vilipoingia mwilini mwa mwanao, chembe zake za kinga zilitoa kemikali ambazo ujumbe wake ulifika ubongoni, na huko ikatengenezwa kemikali nyingine iitwayo prostaglandini E2. Hiyo ndiyo iliyoifanya haipothalamasi iongeze kiwango, tuseme kutoka 37 hadi karibu 40. Sasa fikiria hali ya mtoto dakika hiyo. Damu yake bado ina 37, amri inadai 40. Mwili unajihisi una baridi, na unafanya kila kinachofanywa na mtu mwenye baridi. Ndiyo maana unamkuta anatetemeka, amejikunyata na anavuta shuka, vidole vya miguu ni baridi kama ametoka kukanyaga maji, huku tumbo na kichwa vinachoma mkono wako. Saa kadhaa baadaye amri ikirudi 37, mambo yanageuka: anatupa shuka, anakuwa mwekundu au anang'aa kwa jasho, mto unalowa. Mzazi akishaijua mizunguko hii miwili hashtuki tena kwa kukuta miguu ya baridi kwa mtoto mwenye homa kali.

Ukimtumbukiza mtoto huyo kwenye maji ya baridi, unapingana na amri ya mwili wake mwenyewe. Ngozi ikipoa, haipothalamasi inaona joto linatoroka, inabana mishipa zaidi na kuongeza kutetemeka. Mtoto analia, anateseka, nguvu zinamwisha, na joto la ndani linaweza hata kupanda. Ukimtoa majini, dakika chache baadaye umerudi pale ulipoanzia. Kumpaka spiriti ndiyo kabisa usijaribu, kwa sababu inapenya ngozini na mvuke wake unavutwa na mapafu, na watoto wamewahi kupata sumu kwa njia hiyo. Parasetamoli na aibuprofeni hufanya kazi kwa njia nyingine: zinazuia kutengenezwa kwa prostaglandini. Amri yenyewe inashuka, kisha mwili unatoa joto kwa hiari yake.

Mdogo wako alikuwa na hali iliyo kinyume na hiyo. Haipothalamasi yake haikuongeza kiwango chochote. Muda wote ilikuwa inataka 37, na mwili wake ulikuwa unajitahidi kutoa joto kwa kila njia ukashindwa. Misuli ikifanya kazi, sehemu kubwa ya nguvu inayotumia, robo tatu au zaidi, inaishia kuwa joto. Juu ya paa jua linampiga mgongoni na bati linamrudishia joto usoni. Hewa ikiwa na joto kuliko ngozi, ambayo kwa kawaida ina nyuzi kama 35, mwili haupozwi tena na hewa, unapashwa. Njia pekee inayobaki ni jasho. Lita moja ya jasho ikikaukia kwenye ngozi inaondoka na kilojuli karibu 2,400 za joto, kiasi kikubwa sana. Lakini neno muhimu hapo ni kukauka. Jasho linalochuruzika na kudondoka halijapoza chochote, limepoteza maji tu. Hewa ikiwa na unyevu mwingi jasho halikauki, ndiyo sababu kivulini penye unyevu panaweza kuwa na hatari kuliko juani penye ukavu. Maji mwilini yakipungua, moyo unashindwa kuhudumia misuli inayofanya kazi na ngozi inayotakiwa kutoa joto kwa wakati mmoja. Kuanzia hapo joto linapanda bila kitu cha kulizuia.

Sasa utaona kwa nini vile vidonge viwili havikumsaidia. Parasetamoli inazuia prostaglandini, na joto la mdogo wako halikuletwa na prostaglandini. Dawa haikuwa na kitu cha kushusha. Tena ini ni moja ya viungo vinavyoumizwa sana na joto la namna hii, na parasetamoli inachakatwa na ini. Wenzake walimpa kwa nia njema kabisa, siwalaumu. Ila naomba uwafikishie ujumbe: mtu akianguka kwa joto asipewe parasetamoli, aibuprofeni wala aspirini. Na mtu ambaye akili haijakaa sawa asimezeshwe kitu chochote, hata maji, kwa sababu yanaweza kuingia kwenye mapafu.

Maji ya barafu yalimfaa kwa sababu hayakupingana na amri yoyote. Mwili wake ulikuwa unatamani kupoa. Wapo wanaohofia kwamba maji ya baridi yatabana mishipa ya ngozi na kufungia joto ndani. Ni kweli mishipa inajibana kiasi, lakini tofauti ya joto kati ya mwili wa nyuzi 41 na maji ya barafu ni kubwa mno kiasi kwamba joto linatoka tu. Mtu aliyezamishwa kwenye maji ya barafu yanayokorogwa anaweza kushuka nyuzijoto moja kila baada ya dakika tano hivi. Hakuna dawa inayofikia kasi hiyo.

Umeuliza joto likifika ngapi ubongo unaharibika. Swali hili linawanyima wazazi wengi usingizi, kwa hiyo nitalijibu kwa kirefu.

Homa inayoletwa na maambukizi ina dari. Mwili unaopandisha joto kwa makusudi una pia njia za kujizuia, na ni nadra homa ya namna hiyo kuvuka 41. Nyuzi 39.7 za mwanao hazikumuunguza ubongo, na hata 40.5 isingemuunguza. Mtoto mwenye homa kali akipata madhara ya ubongo, kinacholeta madhara ni ugonjwa wenyewe, kama homa ya uti wa mgongo au malaria kali, au upungufu wa maji na sukari. Urefu wa namba hauonyeshi ukubwa wa ugonjwa. Virusi visivyo na hatari vinaweza kumpa mtoto 40, na mtoto mchanga mwenye maambukizi mabaya ya damu anaweza kuwa na 38 tu, au hata akawa wa baridi.

Zaidi ya hapo, homa ina faida yake. Mwaka 1975 mtafiti Matthew Kluger na wenzake walichapisha matokeo ya majaribio kwa iguana wa jangwani, mjusi asiyeweza kujitengenezea joto la mwili kama sisi. Waliwaambukiza bakteria, kisha wakawaweka katika viwango mbalimbali vya joto. Waliowekwa kwenye joto la juu, sawa na homa, walinusurika wengi zaidi kuliko waliowekwa kwenye joto la chini. Vijidudu vingi havistawi kwenye joto la juu, na chembe za kinga hufanya kazi kwa bidii zaidi. Lakini homa ina gharama: kila nyuzijoto moja inayopanda huongeza matumizi ya nguvu ya mwili kwa asilimia 10 au zaidi kidogo, moyo unakwenda mbio na maji yanapotea. Kwa mgonjwa wa moyo au wa mapafu gharama hiyo inaweza kuwa nzito.

Mtu aliyezidiwa na joto la nje au la kazi hana dari. Joto linaweza kupita 41, 42 na kuendelea, na hapo chembe za mwili zenyewe zinaharibika. Kuta za utumbo zinaanza kuvuja sumu za bakteria kwenye damu, damu inaganda ovyo, misuli inasambaratika na mabaki yake yanaziba figo. Kinachoua zaidi ni muda mtu anaokaa na joto hilo. Aliyefikia 41.5 akapozwa ndani ya nusu saa ana nafasi kubwa ya kupona kabisa kuliko aliyefikia 40.5 akakaa nalo saa mbili ndani ya gari akisubiri foleni ipungue.

Nirudi kwa mtoto, maana homa atapata tena. Lengo la dawa ni kumwondolea mateso ili anywe, alale na acheze. Mtoto mwenye 39 anayecheza na kunywa vizuri hahitaji kuamshwa usiku apewe dawa. Parasetamoli hupimwa kwa uzito: miligramu 15 kwa kila kilo moja, kila baada ya saa 4 hadi 6, isizidi mara nne ndani ya saa 24. Mtoto wa kilo 12 anahitaji miligramu 180. Hapa naomba usome chupa kwa makini, kwa sababu dawa ya maji huuzwa kwa nguvu tofauti. Kuna yenye miligramu 120 katika kila mililita 5, na kuna yenye miligramu 250 katika mililita 5 hizohizo. Kwa chupa ya kwanza mtoto wako anahitaji mililita 7.5, kwa ya pili ni kama mililita 3.5 tu. Ukibadilisha chupa bila kubadilisha kipimo umempa karibu mara mbili. Tumia kipimo kilichokuja na dawa au bomba lisilo na sindano, maana vijiko vya nyumbani havilingani. Angalia pia dawa za mafua na kikohozi, kwa sababu nyingi zina parasetamoli ndani yake na mama anajikuta amempa mtoto dozi mbili bila kujua.

Aibuprofeni ni nzuri kwa watoto waliozidi miezi 6, ila si kwa mtoto aliyeishiwa maji, mwenye tetekuwanga au anayeshukiwa kuwa na dengi. Aspirini asipewe mtoto kwa ajili ya homa, kwa kuwa inahusishwa na ugonjwa wa Reye, ambao ni nadra lakini hushambulia ini na ubongo. Dawa ikishusha joto kutoka 39.7 hadi 38.5 imefanya kazi yake, usitarajie 37. Na joto likishuka kwa dawa isikufanye uamini kwamba ugonjwa ni mdogo. Mtazame mtoto wakati joto limeshuka: akichangamka, akataka kunywa, akakutazama usoni, una haki ya kupumua. Akibaki amelegea hata joto likiwa limeshuka, mpeleke hospitali.

Degedege linawatisha wazazi kuliko kitu kingine chochote, na nawaelewa. Huwapata watoto wachache, kati ya wawili na watano katika kila mia moja, wa umri wa miezi 6 hadi miaka 5. Mara nyingi hukoma lenyewe ndani ya dakika chache na haliachi madhara ya kudumu. Parasetamoli haithibitiki kulizuia. Likitokea, mlaze mtoto ubavu mahali salama, angalia saa, usimshike kwa nguvu na usimwingize kijiko wala kidole mdomoni. Likipita dakika 5 ni dharura. Na mtoto aliyepata degedege kwa mara ya kwanza lazima aonwe na daktari siku hiyohiyo hata kama ameamka akicheka.

Mtoto wa chini ya miezi 3 mwenye 38 au zaidi aende hospitali mara moja, usiku au mchana, hata kama anaonekana mzima. Kama alikuwa amefunikwa blanketi nyingi, mfunue na umpime tena baada ya dakika 15, kwa kuwa vichanga hupata joto kwa kufungwa sana. Ila kama bado ni 38, au ukiona tu hanyonyi vizuri, usiendelee kupima. Kwa mtoto wa umri wowote, kimbilia hospitali akishindwa kunywa au akitapika kila kitu, akipumua kwa shida, shingo ikikakamaa, akilegea au akiwa mgumu kuamshwa, akikaa muda mrefu bila kukojoa, au akitoka vipele visivyofifia ukivibonyeza kwa glasi. Homa inayopita siku tatu nayo ipimwe chanzo chake. Na kama mnaishi penye malaria au mmetoka huko karibuni, apimwe damu ndani ya saa 24 za kwanza. Usikisie, na usimpe dawa ya malaria kwa mazoea.

Kuhusu vipimajoto, kwa kifupi: cha kidijitali cha kwapani kinatosha nyumbani, ila husoma chini kidogo ya joto la ndani, hivyo 37.5 ya kwapani tayari ni ya kuangaliwa. Vile vya kuelekeza kwenye paji la uso hudanganywa na jasho na jua.

Udanganyifu huo ndio unaoweza kuwagharimu maisha wenzake na mdogo wako siku nyingine. Mtu aliyeanguka kwa joto, ngozi yake imelowa jasho na upepo umeipoza, anaweza kusoma 38 kwapani huku ndani ana 41. Kwa hiyo msisubiri namba. Angalieni akili yake. Mtu aliyechoka kwa joto ana kizunguzungu, kichefuchefu, kichwa kinamuuma, jasho linamtoka sana, lakini ukimuuliza jina lake na siku ya leo anakujibu vizuri. Huyo mpeleke kivulini, mlaze, mvue nguo nzito, mmwagie maji na umpe maji ya kunywa kidogokidogo. Asipopata nafuu ndani ya nusu saa, mchukulie kama amevuka mpaka. Akianza kuropoka, kugombana bila sababu, kuyumba, kupata degedege au kuzimia, hicho ni kiharusi cha joto na kila dakika ina thamani. Msidanganyike na jasho. Wengi wanadhani mwenye kiharusi cha joto lazima awe amekauka, lakini anayeanguka akiwa kazini mara nyingi bado analowa.

Kanuni tunayoifuata ni kupoza kwanza, kusafirisha baadaye. Mmoja apige simu ya dharura, wengine waanze kazi palepale. Kama kuna pipa au beseni kubwa, azamishwe hadi kifuani na mtu mmoja amshike kichwa kisiingie majini. Kama hakuna, mlazeni juu ya turubai, watu wanne wainue pembe zake ili lishike maji, mmwagieni maji na barafu yoyote iliyopo, huku mkiliyumbisha ili maji yazunguke. Maji ya bomba tu yanafaa, msipoteze muda kutafuta barafu. Kukiwa na ndoo moja na vitambaa, mloweshe mwili mzima, mpepeeni kwa kipande cha boksi, badilisheni vitambaa kila vinapopata joto. Lengo ni kufika chini ya 39 ndani ya nusu saa. Akianza kutetemeka sana na akili kurudi, punguzeni, kisha aende hospitali hata kama anasema amepona.

Wazee ni habari tofauti kidogo. Wao hawaanguki kwa kazi, huzidiwa polepole ndani ya nyumba, siku ya pili au ya tatu ya joto kali linaloendelea hadi usiku. Kiangazi cha mwaka 2003 kilisababisha vifo vya ziada zaidi ya 70,000 barani Ulaya, karibu 15,000 vikiwa Ufaransa, na wengi wa waliokufa huko walikuwa wazee, wengine wakiishi peke yao. Kiu ya mzee huchelewa, jasho lake ni pungufu, na baadhi ya dawa za presha, za akili na za mzio humzuia mwili kujipoza. Kumlowesha kwa maji ya kawaida na kumpepea kunamfaa zaidi kuliko kumzamisha kwenye barafu. Feni husaidia hadi joto la chumba linapokaribia 40. Zaidi ya hapo inampulizia joto. Asiache dawa zake bila daktari, ila wakati wa joto kali mtu amtembelee angalau mara mbili kwa siku, asitosheke na simu.

Sasa mdogo wako. Ulipoandika "siku yake ya pili" nilielewa sehemu kubwa ya kilichotokea. Mwili hujifunza kuvumilia joto kwa kulizoea taratibu, na zoezi hilo huchukua kati ya siku 7 na 14. Aliyezoea huanza kutoka jasho mapema, jasho jingi na lenye chumvi kidogo, ujazo wa maji ya damu huongezeka, moyo hauendi mbio sana kwa kazi ileile. Mtu akikaa wiki kadhaa bila kazi ya juani, faida hiyo inapotea na anaanza upya, hata kama ana nguvu na miaka 24. Wengi wanaopata ajali za joto kazini huzipata siku za kwanza. Mfanyakazi mgeni anatakiwa afanye kama asilimia 20 ya kazi kamili juani siku ya kwanza, kisha aongeze asilimia 20 kila siku. Mdogo wako, kwa maelezo yako, alipanda paa siku ya kwanza na kufanya kazi ya mtu mzoefu.

Kwa hiyo hapana, asirudi wiki hii. Baada ya kutoka hospitali akae angalau siku 7 bila kazi nzito wala mazoezi. Kisha aonwe na daktari na apimwe damu: ini, figo, na kimeng'enya kinachoonyesha kama misuli imepona. Majibu yakiwa mazuri aanze kazi nyepesi kivulini, halafu aongeze mzigo na muda wa juani kidogokidogo kwa wiki mbili hadi nne. Akipata kizunguzungu au kichwa kuuma katika hatua yoyote, arudi hatua moja nyuma na amwone daktari, kwa sababu baadhi ya waliowahi kupata kiharusi cha joto hubaki wepesi kuzidiwa tena kwa muda.

Siku atakapopanda tena paa, kazi nzito ziwe asubuhi, apumzike kivulini kabla hajachoka, anywe kama kikombe kimoja cha mililita 250 kila baada ya dakika 20, bila kusubiri kiu. Asizidishe lita moja na nusu kwa saa, kwa kuwa maji mengi kupita kiasi hushusha chumvi ya damu na hilo nalo huangusha watu. Awe na mwenzake anayemtazama, maana anayezidiwa na joto ni wa mwisho kujua kwamba amezidiwa. Pombe ya usiku uliotangulia, kuhara, na usingizi mchache vyote humpunguzia uwezo. Na akiamka na homa, hata ya mafua tu, siku hiyo asiende juani kabisa: kiwango cha haipothalamasi kitakuwa kimeshapanda, na joto la kazi litaanzia hapo juu. Kabla hujamruhusu, muulize kama waliompokea hospitali walimpa karatasi ya majibu ya damu. Aende nayo kwa daktari atakayemwona, ili vipimo vipya vilinganishwe na vya siku alipoanguka.